Nitawapa Piza

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya ishirini na sita tangu posa yangu ifike Kisarawe. Majibu hakuna. Kimya! Mjomba Mwinyimadi, ambaye ndiye mshenga wangu, anasema nitulie, wazee wa kule hawaharakishwi. Rahisi kwake kusema. Yeye ana wake wawili na shamba la mihogo Mbwawa. Mimi, Mbaraka, nina miaka thelathini na nne, chumba kimoja Misugusugu na godoro la futi tatu na nusu.

Nimejiuliza kasoro iko wapi. Barua yenyewe ilikuwa safi. Niliichapa mwenyewe pale stationery kwa Bi Kidawa, ninakofanya kazi. Herufi za mapambo, ua kila kona. Kisha nikaipitisha kwenye mashine ya laminesheni, ikatoka inang'aa ndani ya plastiki yake, haishiki maji wala vumbi. Mjomba anadai hapo ndipo nilipoharibu. Eti wazee walitaka kuandika jibu chini ya barua ile ile, kama walivyozoea, kalamu ikateleza. Wakajaribu kalamu tatu. Bi Mboni, bibi yake Firdausi na mwenye neno la mwisho katika ukoo ule, akauliza ni mtu gani huyu anayetuma barua isiyotaka kujibiwa.

Wivu tu. Hawajawahi kuona barua nzuri.

Leo Firdausi wangu kaniletea habari. Yeye ni mwalimu wa chekechea hapa Kibaha, alipita kutoa kopi za picha za wanyama. Akasema Ijumaa, siku ya Nane Nane, ukoo mzima unakutana kwa Bi Mboni, na posa yangu itazungumzwa. Siku hiyo hiyo. Ndiyo au hapana! Nikatoa kopi arobaini za tembo badala ya nne.

Akaongeza kwamba hata jirani yao Sadick atakuwepo. Yule wa korosho. Nikauliza anahusika nini. Eti anasaidia kupanga viti. Viti! Mwanaume hapangi viti bure.

Jioni nimepata dawa kwenye simu. Dada mmoja kwenye video anatengeneza piza ndogo ndogo kwa mkate wa dukani. Hakandi unga, hasubiri hamira. Anachukua mkate, anapaka, anapanga, dakika kumi, wanakula. Anasema hata mtoto anaweza. Basi! Sadick apeleke korosho kwa watu wenye mikorosho uani kwao. Mimi nitapeleka piza. Ukoo utakaonja piza Ijumaa hauwezi kusema hapana Ijumaa hiyo hiyo.

Firdausi asijue. Itakuwa sapraizi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua skonzi sita, nyanya, hoho, vitunguu. Imebaki jibini, ambayo yule dada wa kwenye video anaiita chizi. Nimekwenda duka la jirani, nikamwuliza Mangi mwenye duka kama ana chizi. Akasema hakuwa naye, ila sasa hivi kaingia mmoja. Wateja wakacheka. Sikujali. Nimeipata supamaketi, kipande kigumu cha manjano kinachonuka soksi kidogo.

Jaribio la kwanza. Nimekata skonzi katikati, nikaweka nyanya mbichi, chizi juu, nikatia kwenye kikaango na kufunika. Nyanya zikatoa maji, maji yakaingia kwenye skonzi. Nilipofunua nilikuta uji wenye hoho. Chizi ilikuwa imelala juu, baridi, haijayeyuka hata tone.

Nikala hivyo hivyo. Tamu! Ikiwa uji wake ni mtamu namna hii, piza yenyewe itakuwaje?

Furaha ikanizidi. Mjomba alinionya mara kumi kwamba mposaji hazungumzi na wakwe, maneno yote yanapita kwa mshenga. Lakini Mjomba hajui piza ni nini, atawaelezaje? Nikachukua simu nikiwa bado natafuna, nikamtumia ujumbe wa sauti Bi Sada, mama mdogo wa Firdausi, ambaye ndiye mwenye simu kubwa pale nyumbani. Nikatoa shikamoo zote. Nikajitambulisha: Mbaraka wa barua ya plastiki. Nikasema hili la majibu kuchelewa halijaniudhi, wasiwe na shaka, Ijumaa nakuja mwenyewe, nitawapa piza ukoo mzima, mkubwa kwa mdogo, na nakuja na chizi.

Fupi, yenye adabu. Tiki zimekuwa bluu. Hakuna jibu. Nadhani wamefurahi mpaka wamekosa la kusema.

Jumatano, 6 Agosti

Asubuhi ujumbe kutoka kwa Bi Sada. Bibi anauliza, sisi tumekosa nini?

Masikini! Wanaogopa hazitatosha. Nikajibu haraka kwamba hakuna aliyekosa na hakuna atakayekosa, kila mtu atapata ya kwake. Akauliza, hata watoto? Nikaandika kwamba watoto ndio nitakaoanza nao, kisha bibi. Nusu saa ikapita. Halafu akauliza kama wanaweza kuita wazee wa msikitini wawepo. Nikasema waje, tena nao nitawapa, sina ubaguzi.

Watu wakarimu hawa. Chakula cha kwao hawataki kula peke yao.

Tatizo linabaki moto. Oveni sina. Ila leo, Bi Kidawa alipokwenda benki, nimesimama mbele ya mashine ya laminesheni nikawaza. Mashine hii inayeyusha plastiki. Chizi ni laini kuliko plastiki. Inapitisha kitu upande huu, kinatoka upande wa pili kimoto na kimebanwa vizuri. Kwa nini wenzangu wenye stationery hawajaliona hili?

Nimebonyeza nusu skonzi kwa ngumi mpaka ikawa bapa. Nimepaka nyanya. Nimeweka chizi. Nimeingiza. Mashine ikavuta, ikaguna, ikasimama. Moshi! Nikavuta upande huu, nikaenda kuvuta upande wa pili. Chizi ilikuwa imeyeyuka kweli kweli, hilo lazima niliandike, lakini iliyeyukia ndani. Wakati huo akaingia mzazi na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na nyuma yake Bi Kidawa.

Sitaandika yote aliyosema Bi Kidawa. Alitaja malezi yangu, akarudi kwenye malezi yangu. Fundi kasema mashine haiponi. Nimepewa kazi ya kupiga deki mpaka mwisho wa mwezi.

Faida ya leo: nimejua chizi inayeyuka.

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Sada tena, asubuhi na mapema. Bibi anauliza kama nimewahi kumfanyia mtu mwingine jambo hili. Mimi ni mkweli. Nikamjibu hapana, nyinyi ndio wa kwanza, ila jana nilijaribu kwenye mashine ya bosi wangu, imekufa.

Hakujibu. Kashangaa, bila shaka. Wanawake wa makamo hawapendi habari za mashine.

Nimekwenda kwa dada yangu Fadhila kuomba ushauri. Nilimweleza kwa heshima kwamba nina ujuzi wote, nimekwama kwenye moto tu. Fadhila akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza mama yetu alikuwa anaokaje mkate wa kumimina. Nikasema sikumbuki. Akachukua sufuria kubwa, akaitia mchanga chini, akaweka jikoni, akaifunika kwa mfuniko wa bati, akapalia makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini. Ndiyo hiyo oveni, akasema, imekuwepo kabla hujazaliwa.

Nyanya akazikaanga kwanza na kitunguu saumu mpaka zikakauka maji. Skonzi akazikata, akazipaka siagi, akazibanika kidogo ili zisinywe mchuzi. Kisha nyanya, kisha nyama ya kusaga, kisha hoho iliyokatwa nyembamba. Chizi akainyunyiza juu, akapanga kwenye sahani ya bati juu ya mchanga. Dakika kumi. Alipofunua, chizi ilikuwa inachemka na kingo za skonzi zimepiga wekundu. Nikang'ata moja. Nikafumba macho. Nimewaza nyumba yangu na Firdausi, Jumapili moja, tunakula hizi barazani hatuna haraka ya kwenda popote. Nataka maisha hayo. Nayataka sana.

Kesho tunaoka sitini. Maana yake Fadhila anaoka, mimi nasimamia.

Ijumaa, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naanza mwanzo.

Baada ya sala ya Ijumaa tulipanda bodaboda mbili, Mjomba na kanzu yake mbele, mimi nyuma na hotpoti tatu zilizofungwa kwa khanga ya Fadhila. Tukapita njia ya Kiluvya. Njia nzima nilikuwa nazishikilia zile sitini kwa mikono na magoti, kila tuta naomba dua.

Tumefika. Uwanja umejaa watu. Nilitarajia vigelegele. Hakuna aliyetikisika. Wazee wa msikitini wamekaa mstari wa mbele na tasbihi. Ubani unafuka kwenye vyetezo vinne, mpaka macho yanawasha. Mtoto hata mmoja haonekani. Baadaye nikaambiwa walihamishiwa mtaa wa pili tangu asubuhi. Na Sadick kasimama pembeni ya mlango, ameshika kamba nene ya katani. Nikafikiri, huyu kanifungia mbuzi. Nikamhurumia. Kumbe anajua kushindwa kiungwana!

Nikatoa shikamoo kubwa. Wakaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Kisha Bi Mboni akasimama na mkongojo wake, akasema kwamba posa wameikubali. Wameikubali wote tangu jana asubuhi, hakuna aliyepinga. Akaniomba kwa jina la Mungu nirudi nyumbani kwa amani.

Wamekubali! Kabla hata hawajaonja! Nikamshukuru, nikambusu mkono, nikasema nimefurahi mno, lakini kuondoka siondoki, nimetoka Kibaha kwa ajili ya kuwapa na lazima nitawapa. Bi Mboni akaketi ghafla. Mzee mmoja akaanza Ayatul Kursiyu kwa sauti. Mjomba akaniangalia, mimi nikamwangalia Mjomba.

Sadick akasogea na kamba yake. Akaniuliza, kwa sauti inayotetemeka, chizi yuko wapi.

Nikamwonyesha. Nikasema yumo humu ndani ya hotpoti.

Sadick akarudi nyuma hatua nne, akakanyaga chetezo.

Hapo ndipo Firdausi akaingia. Alikuwa kwenye maonyesho ya Nane Nane na watoto wa chekechea, ndiyo kwanza anafika. Nyumbani hawakumwambia lolote, eti asitishike, na mimi sikumwambia kwa sababu ya sapraizi. Akauliza kuna msiba? Akauliza nimebeba nini. Nikasema piza. Akafungua hotpoti. Harufu ya kitunguu saumu ikapanda, ikaushinda ubani wote.

Firdausi akauliza tena, polepole, mbona watu wana hofu. Bi Sada akatoa simu, akaufungua ujumbe wangu mbele ya wote. Ikasikika sauti yangu. Nakiri, skonzi ilikuwa imejaa mdomoni kuliko nilivyokumbuka. Sauti ile ilisema, wazi kabisa, kwamba nakuja mwenyewe, nitawaapiza ukoo mzima, mkubwa kwa mdogo, na nakuja na chizi.

Kisha wakanisomea majibu yangu. Kwamba hakuna atakayekosa. Kwamba nitaanza na watoto. Kwamba nilijaribu kwenye mashine ya bosi, imekufa.

Firdausi alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga na baibui lake jipya. Mjomba alivua kofia, akajifunika uso. Mzee mmoja wa msikitini akaanza kutikisika mabega, akadondosha tasbihi, na uwanja mzima ukaachia. Hata Sadick. Akasema yeye usiku wa kuamkia leo kalala na kamba chini ya mto.

Bi Mboni peke yake hakucheka. Akagonga mkongojo. Akasema posa iliyokubaliwa kwa hofu haijakubaliwa, basi lile la mwanzo limefutika, tuanze upya. Nilikuwa nimeoa kwa dakika nane!

Akaomba aletewe hicho kilichowatisha. Nikamletea piza moja kwenye sahani. Akaigeuza chini, akaigeuza juu. Akauliza, si skonzi hii? Nikasema ndiyo, bibi, ni skonzi. Akang'ata. Chizi ikavutika kutoka kwenye skonzi mpaka mdomoni, akaifuata kwa kidole akaikata. Akatafuna muda mrefu. Akauliza nani kapika. Nikasema mimi. Mjomba akakohoa. Nikasema mimi na dada yangu. Mjomba akakohoa tena. Nikasema dada yangu.

Akachukua ya pili.

Firdausi akasimama, akajipangusa mchanga, akatoa shikamoo kwa wazee. Akasema mbele ya wote kwamba wanaume wa kumwahidi makubwa wapo, lakini mtu aliyehangaika wiki nzima na skonzi, akaua mashine ya watu, ili bibi yake tu aonje kitu kipya, ni huyu mmoja. Akasema anamtaka huyu huyu, na kelele zake. Mimi nililia. Ulikuwa moshi wa ubani kidogo, lakini zaidi nililia.

Bi Mboni alipomaliza ya tatu akaagiza iletwe ile barua ya plastiki. Kisha akaagiza msumari. Akaishikilia juu ya paja, akakwangua chini yake, taratibu, herufi moja moja, huku wote tumeinama kuangalia: NDIYO. Akasema sasa haifutiki hata ikinyeshewa.

Vigelegele! Watoto wakarudi mbio kutoka mtaa wa pili, na kwa kweli nilianza nao, kama nilivyoahidi. Sitini hazikufika robo saa. Sadick peke yake kala tano, kisha akasaidia kufunga hotpoti kwenye bodaboda kwa ile kamba yake. Si mtu mbaya. Ila akaninong'oneza kwamba, angekuwa yeye Firdausi, hajui kama angemtaka mtu ambaye lazima ajibiwe kwa msumari.

Kuna sharti moja tu. Bi Mboni amesema kuanzia leo mpaka harusi neno langu lolote lipite kwa Mjomba Mwinyimadi. Nisipige simu, nisitume sauti, nisiandike. Hata salamu. Nimekula kiapo mbele ya wazee wa msikitini.

Nimefurahi leo. Sijui niandike nini zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kupiga deki. Bi Kidawa kanipa pongezi, kisha kanipa ndoo. Wateja wawili ambao vyeti vyao vilikuwa kando ya mashine Jumatano wameuliza kwa nini vinanuka soksi. Nimewaambia inazuia mende.

Mjomba alipita kunikumbusha kiapo. Nimemwambia nimejifunza. Mbaraka wa leo si yule wa Jumanne.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamka na wazo zito kuhusu harusi. Chakula watapika wakwe, hilo siwezi kuliingilia. Lakini mapokezi! Harusi za siku hizi mgeni anaingia tu kama anaingia sokoni. Mimi nitasimama mlangoni na kapu la asumini na mawaridi, na kila anayeingia namkabidhi moja. Hakuna harusi Kisarawe iliyowahi kufanya hivyo. Sadick atajinyonga na kamba yake.

Wazo zuri namna hii likipitia kwa Mjomba litafika limenyauka. Na kiapo kilihusu mambo ya posa. Posa imekwisha. Hili ni la harusi.

Kwa hiyo saa nne hii, nikiwa nakula piza yangu niliyojiokea kwa sufuria ya mchanga (imeungua chini tu), nimemtumia Bi Sada sauti amfikishie bibi. Nimesema wasihangaike na mapokezi, hiyo kazi ni yangu. Kila mgeni atakayekanyaga pale, mkubwa kwa mdogo, akifika mlangoni tu nitampa ua. Mmoja mmoja, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaongeza kwamba nitaanza na bibi.

Neno "nitampa" lilikutana na chizi kidogo, lakini "ua" limetoka vizuri kabisa.

Tiki za bluu. Kimya. Wamefurahi mpaka wamekosa la kusema.

Mjomba anapiga simu. Mara ya nne sasa. Bila shaka ni pongezi. Nitapokea nikimaliza kutafuna.